Nani Anayalinda Maji ya Verna?

Verna Stiltner alikuwa anaosha vyombo kwa maji ya dumu. Mume wake, Wendell, huyachota mjini kwa gari. Maji ya kisima chao yamegeuka rangi ya kutu, nayo yananuka kama yai viza. Yaliharibika baada ya mgodi wa makaa ya mawe kupasua mlima ulio juu ya nyumba yao, huko jimbo la West Virginia, Marekani.

Maji hayo ndiyo yaliyomwondoa binti yao, Darlene. Mtoto wake mchanga alitokwa na vipele kila alipoogeshwa. Darlene akafungasha, akahamia Ohio. Tangu hapo, kila Verna alipopika maharage na mkate wa mahindi, mkono wake ulipika vya watu watatu. Wakila wawili, chakula kinabaki, naye anakitazama tu.

Siku hiyo Mwalimu Icel Mounts aliingia na mtungi wa asali. Ni jirani yao, na ndiye aliyemfundisha Darlene somo la uraia.

"Ofisi ya migodi ya jimbo wamewajibu nini kuhusu kisima?" aliuliza.

"Wamesema maji ni salama," Verna akajibu.

"Wameyanywa?"

Wendell akacheka kidogo. "Mbunge wetu kwenye bunge la jimbo amesema atashughulikia."

"Huyo ambaye mabango yake yamelipiwa na Haddix?"

Royce Haddix ndiye mwenye mgodi. Mabango yenyewe yalikuwa kila kona: MLIMA WETU, SHERIA ZETU.

"Sasa hapo hajakosea," Wendell akasema. "Washington hawajui mlima wala bonde. Jimbo letu tujiamulie wenyewe."

"Hata mimi nataka tujiamulie, Wendell. Lakini kisima chako umekiamulia wewe, au Haddix?"

Verna akavuta kiti, akaketi.

"Mwalimu, nieleze taratibu. Mimi nataka mwanangu arudi. Niende kwa nani?"

"Una serikali mbili, Verna. Jimbo lina bunge lake, gavana wake na wakaguzi wake. Juu yake ipo serikali kuu, ya majimbo yote. Kwenye migodi, jimbo linapewa nafasi ya kwanza. Ukilalamika lisichukue hatua, serikali kuu ina haki ya kuja kukagua yenyewe. Na sheria inasema mgodi ukiharibu maji ya mtu, lazima umpatie mengine."

"Na hao wakubwa hawanunuliki?" Wendell akauliza.

"Wanajaribiwa pia. Pesa inafika hata Washington. Ndiyo maana usibishe hodi mlango mmoja tu. Halafu uangalie nani amemchangia nani. Michango ya kampeni huwekwa wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Na uchaguzi wa jimbo usiuache. Mwaka juzi ulipiga kura?"

"Ya rais tu," Wendell akasema, macho chini.

"Haddix hausahau ule wa jimbo."

Verna aliandika malalamiko kwa serikali kuu siku hiyohiyo. Wendell aligoma kutia sahihi. Hakutaka kuwaita Washington kwenye shamba la baba yake. Verna hakugombana naye.

"Mzee wangu, mimi simwiti mtu atutawale," alisema. "Nataka kumwogesha mjukuu wangu hapa."

Wendell akaichukua kalamu.

Jibu lilichelewa. Kwanza serikali kuu ililipa jimbo muda wa kurekebisha, nalo halikufanya kitu. Kisha wakaguzi wa serikali kuu wakaja na chupa zao, wakapima kisima cha Verna na cha jirani zake. Mgodi ukaamriwa kulipia bomba kutoka mjini. Haddix alipinga, kesi ikaburuzwa, na miaka ikapita. Wakati huo Wendell alizunguka bonde zima, akiwauliza watu swali moja: mnajua mabango haya yamelipiwa na nani? Uchaguzi wa jimbo ulipofika, watu walijitokeza kuliko zamani, na mbunge yule akaangushwa kwa kura chache.

Siku maji yalipofunguliwa, Verna alimpigia Darlene simu, akaiweka karibu na bomba.

"Unasikia?"

"Nasikia, Mama."

Darlene alikuja Novemba, sikukuu ya shukrani. Mtoto sasa alikuwa na miaka minne. Verna alijaza beseni kubwa la bafuni, akakunja mikono ya gauni.

"Bibi, naoga mwenyewe," mtoto akasema, akafunga mlango.

Verna akabaki nje ya mlango wa bafuni, akisikiliza maji yakimwagika. Darlene akaja kusimama kando yake.

"Ngozi yake itakuwa salama," Verna akasema. "Chumba chako sijakigusa."

"Najua, Mama. Lakini kazi yangu iko kule. Na shule yake."

"Najua."

"Tutakuja Krismasi. Na kiangazi tutakaa mwezi mzima."

Verna akaitika kwa kichwa. Nyuma ya mlango mtoto alikuwa anaimba, na maji yalikuwa bado yanamwagika. Hakumwambia afunge bomba.