Gamba la Kokoto

Mkono wa chuma ulishuka juu ya ubavu wa ndama, ukagonga, ukarudi juu. Ubavu uliruka mezani lakini haukuvunjika. Mhandisi Veronika Ntandu aliushika, akautazama kwenye mwanga kutafuta ufa, akaurudisha mahali pake.

"Tena," alisema.

Asubuhi hiyo mashine ilipiga mara mia mbili, na mara zote mia mbili mfupa ulibaki mzima. Veronika akaandika arobaini kwenye jedwali, akaweka saini ya kidole. Kuanzia saa hiyo hakuna mlinzi mpole ambaye angempiga mtu wa jiji la Singida kwa nguvu inayozidi kiwango cha arobaini.

Mlinzi mpole ndilo jina lililoandikwa kifuani mwa kila mashine. Jiji lilikuwa limepiga marufuku bunduki, na badala yake likaunda askari wa chuma mwenye kipimanguvu ndani ya bega. Kifaa hicho kilimwezesha kupiga kiasi cha kuumiza na kuangusha, pasipo kuvunja. Watu wa mitaani walimwita shemeji, kwa sababu akishaingia nyumbani kwako hakuna wa kumtoa.

Veronika alichukua ubavu ule uwe kumbukumbu ya kazi, akauviringisha kwenye karatasi, akaenda nao nyumbani.

Alimkuta mdogo wake, Hango, amepiga magoti mbele ya beseni. Ndani ya beseni, kwenye maji ya uvuguvugu yaliyomfika kidevuni, alikuwamo Kokoto, mtoto wa kobe wa miezi mitano. Hango aliliokota yai lake kwenye miamba ya nje ya jiji, na Kokoto akaanguliwa humo ndani ya nyumba, juu ya kabati.

"Mguse mgongoni, dada. Taratibu."

Veronika alibonyeza kwa kidole gumba. Gamba lilibonyea kama ganda la chungwa lililokaa siku nyingi.

"Unamlisha nini?"

"Mlenda, majani ya kunde, unga wa maganda ya mayai. Namwogesha kila siku, namkausha, namkagua kingo zote. Na matone ya jua anapata, yale yale wanayopewa wanafunzi wangu."

"Basi unampunja. Kobe anayekula hawezi kuwa laini hivi."

"Anakula kuliko wewe."

Veronika alicheka. Hango hakucheka.

"Ni Pazia," alisema.

Pazia lilikuwa utando mwembamba uliotandazwa juu ya jiji zima miaka thelathini iliyopita, joto lilipoanza kuua watu barabarani mchana. Lilipunguza joto kwa nusu. Pia lilizuia ile sehemu ya mwanga wa jua inayojenga mifupa na magamba. Halmashauri iligawa matone ya kufidia, ikatangaza kwamba yanatosha, na kwa kuwa yalitangazwa kila asubuhi, watu waliamini.

Hango alifundisha darasa la kwanza. "Nina watoto kumi na tisa wenye matege," alisema. "Darasa moja. Mwaka jana walikuwa sita. Alhamisi tunaandamana. Tunaomba saa moja tu ya jua kila asubuhi, kabla joto halijapanda. Nitakwenda na Kokoto, diwani abonyeze mwenyewe."

"Alhamisi mashine zangu zinatoka kwa mara ya kwanza."

"Si umesema ni wapole?"

"Hawatakuvunja. Nimepima mifupa mia mbili."

"Mia mbili au mmoja mara mia mbili?"

"Usinichokoze. Mbavu za ndama, ishirini, kila mmoja mara kumi."

"Ndama wa wapi?"

"Wa ranchi. Wa wapi tena?" alijibu, akaenda kuchemsha chai.

Ranchi zote zilikuwa nje ya Pazia. Veronika alilijua hilo kama alivyojua jina lake, na kwa sababu hiyo hakuliwaza.

Alhamisi alisimama kwenye ghorofa ya pili ya kituo cha polisi, pamoja na Kamanda Nkungu, kutazama kazi yake. Chini, barabara ilijaa walimu na wazazi. Mashine sitini zilisimama mbele yao kwa safu. Jiwe moja lilirushwa, likagonga kifua cha chuma, na safu ikaanza kutembea.

Mkono wa kwanza ulimshukia mwanamke aliyekuwa ameshika bango. Alikinga kwa mkono wake, na mkono ukapinda katikati ya kiwiko na kiganja. Mwanamke alibaki akiutazama, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake. Pigo la pili lilimpata begani, na bega likashuka. Nyuma yake mzee alipigwa pajani, akaanguka, na mfupa ukatokeza kwenye suruali. Mashine hazikuharakisha. Zilipiga, zikapima, zikapiga tena, na kote barabarani ikasikika sauti kama ya kuni kavu zinazovunjwa kwa goti.

"Zisimamishe," Veronika alisema.

"Ziko ndani ya kiwango," Kamanda alisema, akimwonesha namba kwenye kioo. "Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Hakuna kosa."

"Wanavunjika, Kamanda."

"Jedwali limefungwa mpaka zirudi kituoni. Ninyi wahandisi mliomba wenyewe lifungwe, watu wasije wakaliingilia."

Veronika alishuka ngazi mbio. Alimwona Hango kando ya mtaro, akiwa amejikunja juu ya kibati cha biskuti alichokikumbatia tumboni. Mlinzi mpole alisimama nyuma yake. Kwa mashine, mtu aliyejikunja alikuwa mtu anayekataa kutawanyika. Ilimpiga mgongoni mara moja. Ikasubiri sekunde tatu, kama ilivyofundishwa, ili ainuke. Hakuinuka. Ikampiga tena, na tena. Veronika aliushika mkono wa chuma kwa mikono yake yote miwili, ukamnyanyua pamoja nao na kushuka naye. Pigo hilo la nne ndilo aliloendelea kulisikia mikononi kwa miaka.

Mashine ilipogeuka, alimlaza Hango ubavu. Damu ilitoka mdomoni kwa mapovu.

"Ndama wa wapi, dada?" Hango alinong'ona.

Hakusubiri jibu.

Ndani ya kibati, Kokoto alikuwa hai. Gamba lake lilikuwa limebonyea upande mmoja, na ufa mwembamba ulipita kutoka shingoni hadi katikati ya mgongo.

Siku hiyo walikufa watu kumi na mmoja. Daktari aliyeupasua mwili wa Hango alisema mbavu zake zilikuwa za mtu wa miaka tisini. Alikuwa na thelathini na tatu.

Jumapili Kamanda alimwita Veronika maabara.

"Pole na msiba," alisema, akimaanisha hivyo. "Kesho wanazika, na mazishi yatakuwa maandamano. Nipe kiwango kingine. Ishirini. Kumi na tano. Wewe ndiye unayejua mifupa."

"Nikikataa?"

"Nitatafuta mhandisi mwingine. Kibali chake kitachukua miezi sita, na kesho mashine zitatoka na arobaini ile ile."

Veronika alikaa mbele ya jedwali. Akaandika sifuri, akaweka saini ya kidole. Mfumo ukaipokea, kwa sababu hata sifuri ni kipimo.

Jumatatu mashine sitini ziliinua mikono juu ya majeneza, na mikono ikabaki juu. Waombolezaji walipita chini yake wakiinamisha vichwa. Kamanda akaamuru askari wake wa damu na nyama wachukue virungu. Watano walivichukua. Mmoja wao alimpiga mbeba jeneza begani mara moja, akahisi kupitia kirungu mfupa wa mtu yule ukivunjika, akakitupa na kutapika barabarani. Wale wanne waliendelea mpaka wakachoka. Mtu wa kumi na mbili alizikwa siku iliyofuata.

Veronika alifungwa miezi minane. Alipotoka, Pazia lilikuwa linafunguliwa kila asubuhi kuanzia saa tatu hadi saa nne, na watu walikaa vibarazani wakiwa wamekunja mikono ya nguo. Kokoto alikuwa kwa mwalimu aliyekuwa akifundisha pamoja na Hango. Ufa ulikuwa umezibwa kwa gundi ya magamba, na pembeni mwa pete laini za zamani za gamba ilikuwa imeanza kuota pete mpya, ngumu. Upande uliobonyea haukuinuka tena.

Akampeleka nyumbani. Alimwogesha kwenye beseni, akamkausha, akamkagua kingo zote kama Hango alivyokuwa akifanya. Kisha akaufungua ubavu wa ndama kutoka kwenye karatasi yake. Ulikuwa mkavu sasa, mweupe, bila ufa hata mmoja.

Akauweka kizingitini na kuupiga kwa nyundo. Ulivunjika kwa pigo la sita. Akautwanga kwenye kinu mpaka ukawa unga, akaunyunyiza juu ya majani ya kunde, akamsogezea Kokoto pale juani.

Kokoto alinusa, akafungua mdomo, akaanza kula.