Vitwitwi Walioshindwa Kuruka

Kila Jumamosi asubuhi Lubna alitoka mtaa wa Bwiza na kwenda ziwani kufua nguo za nyumbani. Tangu nchi jirani zifunge mipaka kwa sababu ya vita, kila kitu kilipanda bei, na nyama ikawa ya kusikia tu. Mdogo wake Hamimu, ambaye ndiyo kwanza ametoka kuugua, hakuchoka kuiulizia.

Siku hiyo aliwakuta vitwitwi ufukoni, wale ndege wembamba wanaokuja kila mwaka kutoka nchi za baridi. Wao mipaka haikuwahusu. Lakini wengi walikuwa wamekufa, na watatu walilala matopeni, shingo zimelegea, mabawa yakiburutika. Lubna akawadaka hao watatu haraka. Alijua mzoga ni haramu, ila hawa walikuwa bado wanapumua. Wakichinjwa kwa Bismillahi, basi, mambo yamekwisha.

Aliwapeleka kwa Mzee Shakuru, jirani aliyewachinjia watu kuku pale mtaani. Hamimu, aliyemwona akipita na ndege, alikuwa ameshafika na sahani, meno yote nje.

"Uliwakamata namna gani?" Mzee Shakuru aliuliza.

"Na mutego, Muze."

Mzee akamwelekeza ndege wa kwanza kibla, akashika kisu. Shingo ya ndege ikaning'inia. Lubna alimwona mdogo wake akilamba midomo. Je, akiugua tena?

"Muze, ngoja! Apana mutego. Mi niliwaokota. Walikuwa wanashindwa kuruka."

Mzee Shakuru aliweka kisu chini. Hamimu akaangua kilio, naye Lubna akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee hakumgombeza. Waliwaweka ndege kivulini na maji safi, wakanawa mikono kwa sabuni, kisha Mzee akachukua jembe.

"Twende tuzike wale walikufa. Daktari wa mifugo alitueleza: muzoga unatoa funza, ndege wengine wanakula ile funza yenye sumu, shingo zinalegea, nao wanakufa. Na wengine bado wanakuja, wamechoka safari."

Walichimba mpaka ufuko ukabaki safi. Njiani kurudi, Lubna alimbebea jembe.

"Sikia, mutoto wangu," Mzee Shakuru alisema. "Bismillahi inahalalisha nyama, lakini haiponyeshe mugonjwa. Na haigeuze uongo kuwa kweli. Leo umesema kweli kabla kisu haijapita shingoni. Hamimu atakula maharage, atanuna, lakini atalala muzima."