Bibiane na Gesi Isiyo na Harufu

Bibiane na mumewe Emile walitoka Bukavu na binti yao Olivia, wakaja Kampala. Walifungua karakana ndogo huko Nateete. Emile alichomelea milango na madirisha. Bibiane alikata mabomba na kuyaunga. Kazi yake ilikuwa safi, na wateja walimpenda.

Siku moja walisikia tangazo redioni. Watafiti wa chuo kikuu walikuwa wakijenga mtambo wa majaribio wa kutengeneza hidrojeni. Walitaka kufundisha mafundi wa kuunga mabomba yake.

"Mama Olivia, hiyo ni kazi ya wasomi," Emile alisema.

"Bomba ni bomba, Baba Olivia. Ngoja niende nikaone."

Chuoni alimkuta mkufunzi aitwaye Lakot. Lakot alikuwa binti wa askari kutoka Gulu. Alikulia kambini, ambako askari huongea Kiswahili, nacho kilimtoka bila shida.

"Hidrojeni ni gesi," Lakot alieleza. "Imo ndani ya maji. Tukipitisha umeme kwenye maji, inatoka. Umeme ukiwa wa jua au wa mto, gesi hiyo ni safi. Ikiungua haitoi moshi. Inatoa mvuke tu. Inaweza kutengeneza mbolea, hata kuendesha lori."

"Inatoka kwenye maji, halafu inawaka?" Bibiane aliuliza.

"Inawaka sana! Ndiyo maana tunawafundisha."

Bibiane aliunga bomba lake la kwanza. Alitaka kujua kama linavuja. Akawasha kiberiti, kama walivyozoea nyumbani.

Lakot akakizima upesi.

"Hapana, Mama! Leo tumeweka hewa tu humo, shukuru Mungu. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Mchana hata mwali wake hauonekani. Unaweza kuungua kabla hujauona moto. Uvujaji tunaupima kwa povu la sabuni na kwa kifaa maalumu kinacholia gesi ikivuja. Tena gesi hii ni nyepesi, inapanda juu. Paa lazima liwe na matundu, isije ikajikusanya."

Bibiane aliona aibu. Kisha akamkumbuka Emile, ambaye naye hupima gesi yake kwa kiberiti.

Jioni alimkuta Emile ameinamia mpira wa gesi ya kuchomelea, kiberiti mkononi.

"Zima, Baba Olivia!"

"Kuna nini? Miaka yote nafanya hivi."

"Miaka yote Mungu ametuvumilia tu. Zima, nikuonyeshe."

Alikoroga sabuni kwenye maji, akapaka povu kwenye kiungo cha mpira. Walitazama. Mapovu yakaanza kuvimba, moja baada ya jingine.

Emile alikitia kiberiti mfukoni. "Na mimi nilikuwa naleta moto hapo," alisema polepole. Akafunga mtungi. Asubuhi alinunua mpira mpya, wakaupima kwa povu. Haukuvuja.

"Nenda darasani, Mama Olivia," alisema. "Usichelewe."

Bibiane alisoma kwa bidii, akafaulu. Chuo kikamwajiri katika kikundi cha kufunga mabomba ya mtambo.

Siku ya kuuwasha, familia zilialikwa. Gesi ilipita katika viungo alivyounga Bibiane. Lakot alipitisha kifaa chake juu ya kila kiungo. Kifaa kilikaa kimya. Watafiti wakapiga makofi, na Bibiane akacheka kwa furaha.

Emile alimsogelea Lakot.

"Mwalimu, darasa jingine linaanza lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi niandike. Mke wangu asiniache nyuma."