Mjomba wa Masaka

Mwaloni Muleba, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, Kija alichota dagaa kwa beseni, Nuriat akapanua mdomo wa gunia, na kila beseni lilipomwagwa Baba aliuliza swali.

“Gari hili la nani?”

Nuriat alilitikisa gunia ili dagaa washuke chini.

“Nuriat, nakuuliza. Gari la nani?”

“La mjomba.”

“Mjomba gani?”

“Wa Masaka.”

“Anaitwa nani?”

“Sina mjomba Masaka, Baba.”

Kija alicheka hadi beseni likataka kumponyoka. Alikuwa mvuvi wa visiwani, Msukuma mrefu aliyekuja ziwani akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Yeye na Baba walimiliki mtumbwi mmoja, nusu kwa nusu. Kija alivua, Baba aliuza.

“Uledi, mwache mtoto apumue,” akasema. “Ana mitihani ya shule, wewe unamwongezea ya Jumamosi?”

“Huu ndio mtihani wenyewe,” Baba alijibu. “Akifeli wa shule atarudia darasa. Akifeli huu, tutarudi Bukoba kwa miguu.”

Gari lilikuwa Probox nyeupe, na namba yake ilianza na herufi U, kama namba zote za Uganda. Lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, likauzwa katika yadi ya magari jijini Kampala. Baba angeweza kuagiza gari moja kwa moja kutoka Japani lipitie bandari ya Dar es Salaam, kama wanavyofanya wengi. Hakutaka. “Nitume fedha zangu kwa picha?” alisema wakati ule. Alitaka gari ambalo angelipiga tairi teke kwanza ndipo atoe fedha. Basi alikwenda Kampala, akapiga teke matairi yote manne, akanunua.

Mpakani Mutukula aliambiwa kwamba gari linaloingia Tanzania kukaa hulipiwa ushuru na kodi, kisha husajiliwa upya. Jirani yao wa Miembeni mjini Bukoba, Ismael, akamwonyesha njia nyingine. Probox iliingia kwa kibali cha muda, kile wanachopewa wageni wanaokuja kutembea na kurudi kwao. Karatasi zilibaki na jina la mtu wa Masaka, Uganda, ambaye Baba alionana naye mara moja tu, siku ya kununua. Kila kibali kilipokaribia kwisha, Baba aliendesha hadi Mutukula, akavuka, akanywa chai upande wa pili na kurudi na kibali kipya. Majirani waliipa safari hiyo jina. “Uledi amelipeleka gari kuvuta hewa,” walisema.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane gari likivuta hewa. Katika safari za barabarani Baba alimchukua Nuriat, kwa sababu Ismael alisema gari lenye mtoto haliulizwi sana.

Nuriat alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mwezi uliopita walisimamishwa Muhutwe, kwenye barabara ya Muleba kwenda Bukoba. Mama mmoja wa forodha, mwenye miwani, aliinama dirishani akamuuliza gari ni la nani. Nuriat alijibu kama alivyofundishwa. La mjomba, amekuja kututembelea. Yule mama alitabasamu. “Mtoto ana adabu kweli,” alisema. “Msalimie mjomba.” Gari likaruhusiwa. Baba alifurahi, akamnunulia soda. Nuriat aliishika soda ile mpaka nyumbani, akampa mdogo wake. Sifa ile ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Gunia la mwisho lilifungwa. Baba alipokuwa akilisukuma ndani ya gari, Nuriat alisimama mbele yake.

“Baba, leo nikiulizwa sitasema.”

“Hutasema nini?”

“Habari za mjomba. Nilisema mara moja. Sisemi tena.”

Baba alimtazama, kisha akamtazama Kija, kama mtu aliyesikia mbuzi akizungumza. “Utasema,” alisema, akapanda garini.

“Sitasema.”

“Ingia, tunachelewa.”

Nuriat aliingia, akafunga mlango, akakunja mikono. Njia nzima Baba alizungumza habari za bei ya dagaa, na Nuriat hakufungua mikono yake.

Muhutwe walisimamishwa. Askari mmoja alizunguka nyuma ya gari, na yule mama mwenye miwani akaja dirishani. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho kifuani: Agnes. Alisoma kibali, akainua macho, akamtambua Nuriat.

“Ee, binti mwenye adabu! Mjomba hajambo?”

Nuriat alihisi masikio yakimwaka moto. Baba alijikohoza, na kikohozi kile kilimaanisha: jibu.

“Mjomba wa Masaka,” Agnes aliendelea, sauti yake ikiwa bado ya upole. “Bado yuko kwenu? Au amekwisha kurudi, akawaachia gari?”

“Shikamoo,” Nuriat alisema.

“Marahaba. Sasa nijibu.”

“Swali hilo Baba ndiye atakayelijibu.”

Askari aliacha kuzunguka. Baba alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Alimtazama binti yake. Nuriat naye alimtazama, wala hakuinamisha kichwa. Hakutaka kumsema baba yake. Alichokataa ni kumsemea.

Boda boda tatu zilipita. Baba alizima injini.

“Gari ni langu,” alisema. “Hakuna mjomba.”

Agnes hakupiga kelele. Aliuliza jina lake, akaliandika. “Shuka, Ta Uledi,” alisema, akimwita kwa heshima kama Wahaya wanavyomwita mtu mzima. “Tuzungumze.”

Magunia yalihamishiwa kwenye basi. Probox ilipelekwa kwenye uwanja wa forodha mjini Bukoba na kufungiwa huko, mpaka ushuru, kodi na faini vilipwe. Baba na Nuriat walipanda basi lile lile lililobeba dagaa wao. Baba alikaa kiti cha mbele, Nuriat cha nyuma.

Siku iliyofuata Ismael alikuja kunywa chai. Alivaa koti zuri, naye alizungumza na Baba kana kwamba Nuriat na mama yake hawamo chumbani.

“Hujapoteza kitu, Uledi. Mambo haya ni karatasi tu. Tunaandika barua. Mtu wa Masaka anasema gari ni lake, wewe ni dereva tu, ulichanganyikiwa kwa hofu ya askari. Nitaipeleka mwenyewe, aitie sahihi.”

“Nani ataiandika?” Baba aliuliza. Yeye mwenyewe aliandika polepole, herufi moja moja.

Ismael alichomoa kalamu na karatasi kwenye koti, akavisogeza mbele ya Nuriat. “Huyu hapa. Wanasema ana mwandiko kama wa mwalimu. Ameliharibu, atalitengeneza.”

Nuriat aliitazama kalamu, kisha akairudisha taratibu upande wa Ismael.

“Siandiki.”

“Unamwona?” Ismael alimgeukia Mama. “Mariamu, mtoto wako anazungumza hivi na wakubwa?”

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. “Amesema haandiki. Wewe kalamu ni yako, barua ni yako, safari ya Masaka ni yako. Andika wewe.”

“Mimi nawasaidia!”

“Basi tia sahihi na jina lako chini.”

Ismael alicheka kicheko kifupi. “Serikali imewasaidia nini ninyi, hata mnaihangaikia kodi yake? Gari lilikwisha kulipiwa Uganda. Uledi alipe mara mbili?”

Swali hilo Baba naye alikuwa amejiuliza mara nyingi. Alizungusha kikombe.

“Nikilipa mara mbili ni kosa langu,” alisema hatimaye. “Ningeagiza kupitia Dar es Salaam, ningelipa mara moja. Niliogopa picha. Sasa Ismael, jana nimesema mbele ya mwanangu kwamba gari ni langu. Leo nikaseme si langu, na mwanangu aandike?”

“Jana ilikuwa hofu.”

“Hapana. Miezi minane hii ndiyo ilikuwa hofu. Harusi ya shemeji yangu kule Ijumbi nilikwenda na basi, gari langu likiwa uani. Niliogopa kuulizwa.” Alisogeza kikombe kando. “Maliza chai yako, jirani. Barua haitaandikwa hapa.”

Ismael hakumaliza chai.

Habari zilienea kutoka Miembeni hadi kata ya Bakoba. Sokoni walisema Uledi kakamatishwa na binti yake. Shuleni ilikuwa vibaya zaidi. “Jamani, nyamazeni, afande anapita!” Joyness, mwanafunzi mwenzake, alipiga kelele Nuriat alipoingia darasani. “Nuriat, leo unamkamata nani?”

Darasa zima lilicheka. Nuriat aliweka mkoba wake juu ya dawati.

“Leo bado sijaamua,” alisema. “Wewe Joyness, una gari?”

“Sina.”

“Basi kaa kwa amani.”

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Joyness, na Joyness mwenyewe akacheka. Lakini wakati wa mapumziko Nuriat alikwenda nyuma ya matanki ya maji akalia peke yake. Alijua kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Baba alikuwa ameuza nusu yake ya mtumbwi ili apate fedha za forodha. Kija ndiye aliyeinunua, kwa bei ya haki, lakini tangu siku ile Baba hakuwa tena mwenye chombo. Alikuwa mnunuzi kama wanunuzi wengine, anayesubiri mwaloni akiwa na mifuko yake. Kwa wiki sita alisafirisha dagaa juu ya mabasi, na mara mbili mvua iliwakuta njiani wakaharibika.

Jioni moja Nuriat alimfuata uani. “Baba, ningesema lile neno, mtumbwi ungekuwa bado wako.”

Baba alikuwa akishona gunia. “Ungesema tena?”

Nuriat alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, ili ampoze. “Hapana,” alisema.

“Basi usijisumbue na mtumbwi,” Baba alisema, akakata uzi kwa meno.

Siku ya kulipa ilipofika, Baba alimwomba Nuriat amsindikize akitoka shule. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Benki alikuwa amekwisha kupita, risiti alikuwa nazo mfukoni. Aliingia ofisi ya forodha kifua mbele, akaziweka juu ya meza ya Agnes kwa kishindo.

“Hizi hapa. Ushuru, kodi na faini. Hesabu vizuri, maana mimi nimehesabu mara nne.”

Agnes alikagua moja moja, akagonga mhuri. “Ziko sawa, Ta Uledi. Gari limekombolewa. Imebaki kulisajili. Fomu ndiyo hii. Binti anaweza kukuandikia, najua mna haraka.”

“Hatuna haraka,” Baba alisema. “Nitaandika mwenyewe.”

Aliketi, akainamia karatasi. Penye jina la mwenye gari aliandika ULEDI, herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka ukurasa wa chini ukapata alama. Nuriat alisimama karibu bila kumharakisha. Kisha walitoka uwanjani kulinganisha namba za gari na zile za kwenye karatasi. Nuriat alisoma namba ya chesisi, ile iliyochongwa kwenye fremu, tarakimu baada ya tarakimu. Baba aliziandika, akazirudia kwa sauti. Zote zililingana.

Namba ya injini ndiyo iliyowashinda. Ilikuwa imefunikwa na grisi na vumbi la miezi mingi. Nuriat alifuta kwa karatasi, Baba akafuta kwa leso, na bado zilionekana tarakimu tatu tu.

“Tunafunga, wazee,” mlinzi aliita kutoka getini.

Agnes alikuja akiwa na mkoba begani, akachungulia. “Msibahatishe. Namba isiyosomeka haiandikwi. Njooni kesho asubuhi na mafuta ya taa na mswaki mkuukuu.”

“Gari silichukui leo?” Baba aliuliza.

“Bila namba zake halitembei. Kesho.”

Nuriat alidhani Baba angebisha. Baba alifunga boneti, akaikunja fomu iliyojaa nusu na kuitia mfukoni. Walishika njia ya Miembeni kwa miguu. Walipofika penye maduka, Ismael alikuwa amesimama mlangoni mwa kinyozi.

“Uledi! Bado unatembea tu?”

“Natembea,” Baba alijibu kwa sauti ya kusikika barabara nzima, wala hakupunguza mwendo. “Gari langu liko forodhani, kwa jina langu. Kesho nalifuata.”

Walipompita, alishusha sauti.

“Nuriat, mwanangu. Nilikufundisha uongo, nikakununulia soda ulipousema. Hilo nilikukosea, na nakuomba radhi. Mzazi akikutuma kazi, ifanye. Akikutuma maji, nenda. Lakini asikutume useme uongo, hata akiwa mimi. Siku hiyo kataa, kwa adabu, kama ulivyokataa. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, Baba.”

“Haya. Tuna mswaki mkuukuu nyumbani?”

“Upo wa Mama.”

“Huo usiuguse,” Baba alisema. “Tutanunua. Kesho kabla ya shule tutapita kwanza kwa injini, tuone kama tarakimu zilizobaki zitakubali kutoka.”