Sala Iliyopanda Lori

Nyuma ya maegesho ya malori pale Mikumi, Hildegarda aliishi na Irine, mke wa mwanawe Gabrieli, bila hata neno la kurushiana. Irine aliwachomea madereva mahindi. Jioni mama mkwe alimsaidia kumenya ya kesho.

Irine alikuwa ameharibikiwa na mimba mara tatu. Gabrieli alijua mbili. Ya tatu aliijua Hildegarda peke yake.

Kwa uchungu, Hildegarda akajirekodi video akisali, ili dada yake Costancia aliyeko Kilosa asali naye. Akataja yote, na majina. Lakini Costancia ana kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyofungua video. Kinacheza sauti tu, kutoka kwenye memori kadi.

Nyumbani kulikuwa na wa kuitoa hiyo sauti. Irine alitoa sauti kwenye video za kwaya kila wiki, kwenye ukurasa aliofungua kwa kivinjari cha simu. "Ona mama, nimezima data na bado inakwenda. Kazi inafanyika humuhumu, hakuna kinachotoka."

Sasa angemwambiaje mwenye siri? Hildegarda akaona haya. Akaenda kibandani kwa Octavian, anayewajazia madereva nyimbo kwenye flashi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitolee sauti, mwanangu. Usisikilize."

"Mama, nyimbo zote hizi, nitapata wapi muda wa yako?"

Muda aliupata. Alisikiliza, ikamnogea, akaichanganya na nyimbo za dini za kuuza. Niambieni, ndugu zangu, huyo naye alilelewa na mama?

Wiki ya pili, Irine akigeuza mahindi, lori likasimama. Kwenye spika akasikia sauti ya mama mkwe: "Bwana, litazame tumbo la Irine wa Gabrieli. Mimba tatu..."

Utingo akachungulia dirishani. "Dada, si ndiye wewe? Tumekuombea tangu Makambako, tupunguzie bei."

Watu wakacheka. Watu wazima, wenye watoto wao.

Irine aliyaacha mahindi yaungue, akaenda kwao Mamboya.

"Mama," Gabrieli aliuliza, "tatu? Mimi najua mbili."

Balozi wa nyumba kumi alimwita Octavian, naye akaifuta ile sauti. "Nimefuta mama, yamekwisha." Yamekwisha wapi, na flashi zimeshafika Tunduma?

Hildegarda akafunga safari ya Mamboya, Irine akampokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu."

"Kuniombea sina neno. Ila ungenipa mimi ile video, sauti ningeitoa palepale jikoni. Na kabla ya hapo ningekuomba jina langu ulitaje kwa Mungu tu."

"Twende nyumbani."

"Pale barabarani siwezi kusimama tena, mama."

Akamsindikiza hadi kwenye bodaboda, kwa adabu zake zote. Hildegarda alirudi peke yake. Jiko la mahindi bado liko barabarani na majivu yake.

MAFUNZO

Siri ya mwenzio usiirekodi bila kumuuliza, hata kama unamwambia Mungu. Kazi ambayo simu yako inaweza kuimaliza yenyewe, usimpelekee mtu kibandani. Ukurasa ukishafunguka, zima data; ukigoma kufanya kazi, video yako usiupe, maana huenda unaituma nje. Nanyi wenye vibanda, mteja akiondoka na chake, futeni.

Na sisi tuliokuwa pale tukacheka? Ile spika ilikuwa na kitufe kimoja cha kuzimia. Hakuna aliyenyoosha mkono.