Anataka Mke au Anataka Hadithi?

"Akishakuandika, anakuacha."

Maneno hayo aliniambia Nasra mchana kweupe, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu namsuka. Nasra ni Mtanzania, anauza nywele za bandia mlango wa pili kutoka saluni yetu hapa Rockey Street, Yeoville, Johannesburg. Umbea wake huwa nauacha sakafuni pamoja na nywele za wateja. Huu ulikataa kufagiliwa.

Alikuwa anamsema Royce Tolliver, mwandishi mkubwa wa riwaya kutoka Amerika, mchumba wa binti yangu Jocelyne. Nasra alisikia kwa dada anayefanya usafi kwenye chuo kilichomwalika yule mzee. Eti ameshaoa wanawake watatu, na kila mmoja ana kitabu chake. Kitabu kikiingia dukani, mke anatoka nyumbani.

"Wivu huo," nikamwambia.

"Wivu wa nini, Mama Jocelyne? Mzee kipara kinang'aa kama sufuria ya harusi, mwaka mzima anashinda saluni ya wanawake. Wewe umemsuka nini?"

Nilicheka. Lakini tangu siku ile lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Royce aliingia kwetu mwaka jana, akaomba kiti akae tu asikilize. Tulidhani ni mtu wa uhamiaji, wengine wakatorokea mlango wa nyuma. Kesho yake akaja na soda za wote, na Jocelyne, anayesuka nami hapo hapo, akawa ndiye anayemfasiria, maana Kiingereza changu mimi ni cha saluni: bei, urefu, rangi, basi.

Alitusimulia maisha yake. Alizaliwa kusini mwa Amerika, katika mji mdogo wa reli. Baba yake alikuwa anapaka grisi magurudumu ya treni, mama yake anafua mashuka ya hospitali. Hadithi zake za kwanza aliziandika kwenye karatasi za kufungia nyama. Alibeba magunia ghalani miaka mingi huku kila mchapishaji akimfukuza, mpaka kitabu kimoja kikanunuliwa kama mandazi ya moto. Akapata tuzo, akapata filamu, akapata pombe. Pombe aliiacha. Wake walimwacha. Yule mtu akisimulia, hata mteja mwenye haraka anasahau teksi.

Na kusikiliza alijua kuliko kusimulia. Hapo ndipo mwanangu alipokwama. Wanaume wa hapa walikuwa wanamwambia Jocelyne ni mzuri, halafu wanaangalia simu. Huyu alimuuliza maji ya ziwa kule Uvira, kwetu Kongo, yananukaje asubuhi. Msichana ambaye hajawahi kusikilizwa, ukimsikiliza umeshamwoa nusu.

Jumapili moja baada ya ibada Jocelyne akaniambia, bila hata kukaa:

"Maman, Royce anakuja kujionyesha kwa ukoo, aje kuniposa. Papa Ruphin wa kanisani amekubali kumsimamia kama baba. Tukimaliza, naondoka naye."

"Kwenda wapi?"

"Kwake. Amerika."

Nikamuuliza kama anajua habari za wake wale watatu. Akasema Royce alimweleza mwenyewe, majina yote. Nikauliza na vitabu je.

"Maman, yeye ni mwandishi. Fundi cherehani akioa, hamshonei mkewe nguo?"

"Anamshonea. Hamkati."

Hapo ndipo akakaa. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya marehemu baba yake:

"Usiniharibie hii. Nakuomba."

Kuanzia hapo kila nikilala nilikuwa na swali moja. Huyu mtu anataka mke, au anataka hadithi? Akitaka mke, nitabariki na kulia machozi ya furaha uwanja wa ndege. Akitaka hadithi, atammwaga mwanangu akiwa mbali, mahali ambapo hana shangazi wala kanisa la kukimbilia, hana hata Nasra.

Nikatafuta kipimo. Jocelyne akiwa na miaka kumi na tisa alirudi Uvira kumuuguza bibi yake, akakaa huko zaidi ya mwaka. Siku moja Royce alipopita nyumbani na Jocelyne akiwa kazini, nikampikia chai, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha saluni kwamba kule Uvira mwanangu alizaa. Mtoto wa kike. Kwamba alimwacha kwa ndugu, na siku ya kuondoka mtoto alilikimbilia basi. Nikamwambia pia ni siri, Jocelyne hajui kwamba nimeitoa.

Ulikuwa uongo mtupu. Jocelyne hajawahi kushika mimba.

Niliwaza hivi: mwanaume anayetaka mke atachukia. Atauliza baba wa mtoto ni nani, kwa nini alifichwa. Atakwenda kwa Jocelyne, Jocelyne atasema Maman ni mwongo, na kesi tutaimalizia jikoni, mimi nikiwa na aibu yangu. Aibu hiyo nilikuwa tayari kuibeba.

Royce hakuchukia. Aliweka kikombe chini, akasogea karibu. Macho yake yaling'aa.

"Basi lilikuwa rangi gani?" akauliza.

Siku iliyofuata ukaingia ujumbe kwenye simu yangu, wa Kiingereza:

"Mama, samahani kukusumbua. Siku ile mtoto alivaa nini?"

Niliutazama ujumbe ule kama mtu anayetazama nyoka kwenye kikapu cha nguo. Nikajibu: "Gauni la manjano."

"Asante. Alilia kwa sauti, au alinyamaza?"

Siku nyingine akapiga kabisa, akataka kujua nani alimshika mtoto asigongwe na basi. Nikamwambia ni bibi. Akasema: "Vizuri sana." Vizuri! Mtoto wa mchumba wako anaburutwa vumbini, wewe unasema vizuri.

Wiki tatu zikapita. Kila jioni nilimchungulia Jocelyne usoni, na kila jioni nilikuta mwanamke anayechagua viatu. Nikamuuliza kama mwenzake ana jambo lolote linalomsumbua.

"Hana. Anaandika sana siku hizi, anasema kitabu kimefunguka chenyewe. Kwa nini?"

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Nilifungua mdomo tukiwa tumesimama pale robot, taa za barabarani, tunangoja itoe kijani tuvuke, mikono imejaa sukari na vinywaji vya shughuli. Yeye akaniinamia, akanibusu shavuni, akasema amefurahi kwamba nimeacha kununa. Robot ikatoa kijani. Tukavuka.

Jumamosi ikafika. Sebule yetu ya ghorofa ya tatu ilijaa mpaka kwenye ngazi. Papa Ruphin alikuja na nusu ya kwaya, ndio wakawa ukoo wa Royce, maana mtu hawezi kuja kuposa peke yake kama anayekuja kusoma mita ya umeme. Upande wetu aliongoza shemeji yangu Théodore, baba mdogo wa Jocelyne, anayelinda majengo Hillbrow. Siku hiyo alivua sare, akavaa suti.

Kwetu desturi ni hii. Msemaji wa kijana anaeleza kwanza kijana ametoka wapi, wazazi wake, hata wake waliopita, ili kesho mtu asiseme alifichwa. Kisha vitu vinawekwa katikati: vikwembe, yaani vitenge, vya mama, suti ya baba, chumvi, sukari, vinywaji. Halafu baba anamuuliza binti mara tatu mbele ya watu: tupokee? Mpaka aitikie mara zote tatu, hakuna anayegusa hata soda.

Papa Ruphin alisema vizuri. Alitaja reli, mashuka ya hospitali, tuzo, na wake watatu bila kuruka mmoja. Watu wakapiga makofi. Théodore akamgeukia binti.

"Jocelyne, vitu hivi, tupokee?"

"Mpokee, Papa."

"Umefikiri vizuri? Tupokee?"

"Mpokee."

Vigelegele vikaanza, na Royce akainua mkono. Akaomba, kabla ya mara ya tatu, aseme neno moja kuhusu mwanamke huyu. Wakamruhusu. Ni mtu wa maneno, nani angemkatalia? Akasimama, Papa Ruphin akifasiri sentensi moja moja.

Alisema amezunguka dunia na hajaona mikono kama ya Jocelyne. Watu wakaguna kwa raha. Akasema mikono hiyo inasuka watoto wa wenzake kila siku kwa tabasamu. Halafu akafumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi, akasema sentensi nyingine.

Papa Ruphin hakuifasiri.

"Sema, Papa," Théodore akamhimiza.

"Anasema…" Papa Ruphin akajifuta jasho. "Anasema, ilhali mtoto wake mwenyewe alimwacha Uvira, amevaa gauni la manjano, analikimbilia basi."

 Nasra, aliyekaa karibu yangu, aliacha kutafuna ubani wake.

Jocelyne hakupiga kelele. Alimtazama Royce, akamuuliza kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili ukoo wote usikie:

"Mtoto gani?"

Royce akageuka kunitafuta. Watu wote wakageuka naye.

"Mama ndiye aliniambia," akasema.

Nikasimama. 

"Nilimdanganya," nikasema. "Hakuna mtoto. Nilitaka kuona kama atakuja kukuuliza."

Théodore alishika kichwa. Mama mmoja wa kwaya alisema Yesu wangu. Jocelyne alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena maishani, halafu akaniacha hapo nimesimama, akarudi kwa mwenzake.

"Ulisikia lini?"

"Wiki tatu hivi."

"Na hukuniuliza."

Royce alijibu kwa upole, na jibu lake lilikuwa zuri. Alisema alimpenda mno kumlazimisha, kwamba alingoja aseme mwenyewe siku atakapokuwa tayari. Nikaona vichwa vya wazee vinatikisika kumkubalia.  Hata mimi nikajiambia moyoni, Thérèse, umemwonea mtu wa watu.

Jocelyne naye alikuwa karibu kulainika. Nikaona bega lake linashuka. Kisha akauliza swali moja zaidi, hakumtazama yeye wala mimi, alitazama vile vikwembe sakafuni.

"Gauni la manjano ulilitoa wapi?"

Royce akanitazama mimi.

"Maman?"

"Aliniuliza," nikasema. "Kwa simu. Aliuliza mtoto alivaa nini, kama alilia, nani alimshika."

"Mimi hukuniuliza ili usinilazimishe," Jocelyne akamwambia. "Mama yangu ulimuuliza rangi ya gauni."

Royce alinyoosha mkono. Jocelyne hakuushika.

"Yuko kwenye kitabu?"

Akasema kitabu bado hakijaisha.

"Royce. Yuko?"

"Yuko," akasema. "Ni ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika."

Nadhani hata yeye alisikia alichokisema, maana alikaa chini kabla hajaambiwa.

Théodore alikuwa bado amesimama. Ni mtu wa desturi, na desturi ilikuwa haijaisha. Akakohoa.

"Binti yangu, nakuuliza mara ya tatu. Tupokee?"

Jocelyne alipiga magoti. Akavikunja vikwembe kimoja kimoja, pembe kwa pembe, akavirudisha ndani ya sanduku, akalisukuma taratibu mpaka likagusa viatu vya Papa Ruphin.

"Hapana, Papa. Wasalimieni kwao."

Papa Ruphin alilibeba mwenyewe. Hakuna aliyekunywa hata maji. Royce aliondoka Johannesburg kabla ya baridi, na wanasema kitabu kinakuja.

Lakini mimi sikushinda. Jocelyne alihamia kwa Nasra siku ile ile. Kazini alisuka kiti cha mwisho, akinipa mgongo, akiniamkia shikamoo kama mgeni. Nilituma ujumbe: "Mwanangu, nilikuwa naogopa." Ulisomwa. Haukujibiwa. Nasra, ambaye mdomo wake ndio ulioanzisha yote, ndiye aliyekuwa ananiletea habari kwamba anakula, kwamba analia bafuni na kufungua bomba ili wasisikie.

Mpaka asubuhi moja nafungua saluni, nikamkuta mlangoni na kitana mkononi. Aliingia, akakaa chini kwenye sakafu, akaweka kichwa katikati ya magoti yangu kama alivyokuwa mdogo. Nikaanza kumchambua nywele. 

"Maman," akasema, bila kugeuka. "Yeye hakuniuliza. Na wewe hukuniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Kama nina uhakika naye. Ungeniuliza hivyo tu, ningekwambia sina. Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Nikaitoa mikono nyweleni mwake. Akaishika, akairudisha kichwani mwake.

"Suka," akasema. "Wateja watakuja."

Wamama wenzangu, na nyinyi mabinti mnaosoma kwenye simu mkiwa kwenye teksi, sina elimu kubwa ya kuwashauri. Nawaambia tu vya kuepuka:

Mwanaume anayeuliza sana habari zako na hana swali hata moja kuhusu kesho yenu.

Mwanaume anayefurahia machozi yako. Anaweza kukupangusa huku anayakariri.

Kuposwa na mtu aliyeazima ukoo wote. Angalau ndugu mmoja wa damu aonekane, hata kwa simu.

Kuitikia mara ya tatu kwa sababu soda zimeshapoa.

Kumpima mkwe kwa uongo. Ukweli utaupata, lakini utaupata mbele ya kwaya.

Kumwogopea mtoto bila kumuuliza.

Umbea wa Nasra, isipokuwa ule wa kweli.