Kalibu Iliyopakwa Mafuta

Saa mbili asubuhi rafu ya stoo ilikutwa tupu. Kalibu mpya ya chuma, ile ya kutengenezea vizibo vya chupa, ilikuwa imetoweka, na mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Meneja aliwafungia katika chumba cha mafunzo wote wanne waliojua ufunguo wa akiba unakaa wapi: mtunza stoo, fundi wa mashine, msimamizi wa zamu na mchambuzi wa kazi. Polisi wangefika adhuhuri.

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililopigwa misumari. Mtunza stoo aliloa jasho. Ufunguo mwingine ulikuwa mfukoni mwake, na kila jicho lilimwambia hivyo.

"Mpwa wangu, nimekwisha," alimnong'oneza binti wa dada yake, yule mchambuzi mchanga ambaye wenzake walimbatiza Binti Mishale kwa kupenda kwake michoro ya visanduku na mishale.

"Mjomba, jana kulikuwa na jambo lolote geni?"

"Hakuna. Wote mlipoondoka nilizipaka kalibu mafuta, niliona kutu. Mara ya kwanza hiyo, hata sijamwambia mtu."

Mikono ya fundi wa mashine ilinuka mafuta, lakini mikono yake hunuka hivyo hata siku ya harusi. Binti Mishale hakutaka kukurupuka. Akagawa karatasi.

"Wiki nzima tumejifunza kuchora hatua za kazi. Basi kila mmoja achore safari ya kalibu, kutoka rafuni mpaka mashineni. Inavyofanyika kweli, siyo inavyotakiwa."

"Polisi wako njiani, wewe unataka tuchore?" fundi alifoka.

"Kwani una miadi nyingine humu ndani?"

Wakachora. Fundi aliweka visanduku vitatu tu: pokea, funga, washa. Msimamizi wa zamu, aliyependa kuonekana anaijua kazi kuliko wanaoifanya, alijaza ukurasa mzima. Binti Mishale aliufuata mshale wake kwa kidole, akasimama kwenye kisanduku cha pili.

"Bosi, hapa umeandika 'futa mafuta'. Mafuta gani?"

"Si kalibu hupakwa mafuta?"

"Tangu lini?" fundi aliruka. "Miaka yote nazipokea kavu. Kelele zangu zote za kutu hukuzisikia?"

"Zilipakwa jana jioni," alisema Binti Mishale, "mkiwa mmeshaondoka. Aliyezishika baada ya hapo ndiye pekee angedhani ndiyo desturi."

Msimamizi akageukia ukutani, ulikobandikwa mchoro mkubwa ambao mwalimu wa mafunzo aliusifu mbele ya meneja.

"Huo mchoro ni wako, binti. Mshale unatoka stoo, unaenda moja kwa moja kwa fundi. Mimi nimo wapi? Miaka kumi na tisa, umenifuta kwa raba! Nilitaka mashine isimame siku mbili tu, wanitafute. Kalibu iko darini, juu ya choo."

Binti Mishale alihisi aibu ikimpanda usoni, ingawa hakuwa ameiba kitu.

Fundi aligonga mlango akiita, na mlinzi akafungua, meneja yuko nyuma yake. Msimamizi akatoka na meneja, fundi akafuata. Mtunza stoo alishusha pumzi, akamkumbatia mpwa wake.

"Umenitoa kaburini, mwanangu." Kisha akautazama ule mchoro, akacheka kidogo. "Mimi naona bado nimo."

Binti Mishale alitazama kisanduku cha mjomba wake. Somo la kesho lilikuwa kupunguza visanduku vilivyobaki. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuweza kuinuka.